Kwa Baluku Yupi?

Simpendi mtu anayenipigia simu kabla sijamaliza chai yangu ya asubuhi, na wanaonijua wanalijua hilo. Kwa hiyo nilipoliona jina la Masika kwenye simu, kikombe bado kimejaa, nilijua kabla ya kupokea. "Dada Hajara," akasema, "Mama ametuacha." Basi. Hakulia, wala mimi sikulia. Nikamuuliza mazishi ni lini, akaniambia, nikamwambia nakuja, tukakata simu kama watu waliokuwa wakipatana bei ya nyanya. Kisha nikakaa pale jikoni kwangu Mbarara, chai ikapoa ikafanya utando juu, nikiwaza jambo moja la kipuuzi. Miaka yote hii nimefanya kazi ya ramani. Nimefungua kwenye kompyuta kila pembe ya nchi, hata visiwa ambavyo sitavikanyaga maishani. Lakini tangu nilipoondoka Bwera sijaifungua ramani ya Bwera hata siku moja. Kulikuwa na nukta moja kule, juu ya paa la chumba cha kupanga, yenye maneno machache pembeni. Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikutaka kuyaona tena.

Naandika haya nikiwa ndani ya chumba chenyewe. Masika amenifungulia akisema wageni wengine wa msiba watalala kwake, hiki ni chako dada, kana kwamba nilitoka jana. Ukuta ni wa kijani hadi kiunoni, juu chokaa. Dirisha ni lilelile la mbao linalogoma kufungwa mvua ikinyesha. Msumari ni uleule nilioutundikia mswala wangu. Ni chumba kidogo kweli. Siku zile niliingiza humo upweke wangu wote na nafasi ikabaki. Huko uani wanawake wa parokia wanaosha masufuria, mmoja anamsuta mwenzake kwa kutia chumvi mara mbili kwenye maharage ya watu, na mwenzake anajibu kwamba marehemu alipenda chumvi. Ni kweli, alipenda. Nimetaka kutoka niwaambie hivyo, nikaona watauliza mimi ni nani.

Habari za kwetu nitaziruka, hazihusiki hapa. Inatosha kusema nilitoka Kasese mjini, binti wa Kiislamu mwenye masomo ya kadiri na mdomo mrefu kuliko masomo. Kabla ya mwaka niliokaa Bwera walikuja wageni wa shirika moja wakatukusanya vijana kwenye ukumbi wa hoteli, wakatufundisha kuchora ramani ya kwetu wenyewe. Unatembea na simu, unaweka nukta penye kisima, penye zahanati, penye nyumba, unaandika jina. Ramani ile ni ya wote. Mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, kuitumia na kuirekebisha bila kuomba ruhusa. Tuliipenda, walahi. Vijana walipanda Bwesumbu hadi miguu ikavimba, wakashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mubuku, wakazunguka Bwera yote hadi mpakani mwa Kongo. Picha zikapigwa, soda zikanywewa. Kisha wageni wakarudi kwao, vijana wakatafuta riziki kwingine, na ramani ikabaki huko hewani, nzuri, imejaa, na hakuna mtu wa Bwera aliyekuwa akiitumia kwa lolote. Shirika lao likatafuta mtu mmoja wa kukaa Bwera mwaka mzima ili ramani iwafae watu wa kawaida. Nadhani walinichagua mimi kwa sababu sikuwa na mume wala mtoto wa kuniuliza nitarudi lini.

Wiki ya kwanza niliweka nukta juu ya chumba changu kujaribu simu, nikaandika Kwa Hajara. Wiki ya pili nikachapisha ramani ya Bwera kwenye karatasi kubwa, nikaibandika kwenye ukuta wa duka lililo karibu na steji ya boda, nikasimama kando nikingoja sifa. Mwenyekiti wa steji alikuwa Swaleh, Mwislamu mwenzangu, mwanamume wa makamo aliyeendesha pikipiki tangu zamani na kuwajua watu wote na madeni yao. Aliikaribia karatasi mikono nyuma, akaisoma polepole, kisha akaanza kucheka kwa mabega.

"Madamu, hii ramani yako iko na ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Ona. Hapa, kwa Baluku. Hapa, kwa Baluku. Hapa chini karibu na mto, kwa Baluku. Hii yote hapa, kwa Bwambale, kwa Bwambale, kwa Masika, kwa Baluku tena. Sasa mteja anapanda pikipiki anasema nipeleke kwa Baluku. Kwa Baluku yupi?"

Steji nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Wakonzo, na ndugu zao Wanande wa ng'ambo ya mpaka, humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira. Kila nyumba ina Baluku wake. Vijana wetu walikuwa wamepita mlango kwa mlango wakiuliza hapa ni kwa nani, wakajibiwa, wakaandika, na hakuna aliyekosea hata herufi. Kila mmoja alimjua kichwani Baluku aliyemwandika, ndiyo maana hakuona kwamba hajaandika kitu. Mtu wa Kampala angestuka siku ya kwanza. Sisi tuliozaliwa humu tulipita kwenye kosa lile tukiwa tumefumbua macho, na dunia nzima ikaruhusiwa kulitumia bure.

Chumba changu kilichangia ukuta na chumba cha mwanamke aliyeitwa Mama Masika. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, Mkatoliki wa kusali rozari kabla jogoo hajawika, mnene, mwenye sauti nzito, anayeuza mawese na sabuni za vipande katika soko la Mpondwe. Aliivuka mipaka na vita bila kupoteza dharau yake kwa watu wanaopika mboga bila mafuta. Siku aliyoniona nikila mkate mkavu na chai jioni alisimama mlangoni akashika kiuno. "Eh, Yezu! Ule mutu anakula kama mufungwa!" Kesho yake akaninunulia sufuria ndogo, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono, akaitangazia nyumba nzima kwamba hiyo ni ya Hajara, nyama ya nguruwe isiikaribie, na atakayeipikia nguruwe atamjua yeye ni nani. Tangu hapo nilikula kwake kila jioni: sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa hadi ikalainika, fufu, ule ugali wa muhogo ambao Wakonzo wanauita bundu, siku nyingine samaki wa ziwani mwenye chumvi. Tulikaa kwenye vigoda, mlango wazi, akinisimulia nani sokoni anachanganya mawese na maji. Nilikuwa nikizungumza na watu kutwa nzima, lakini ile ndiyo ilikuwa saa pekee ambayo mtu aliniuliza nimeshindaje na akangoja jibu.

Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Kila alfajiri nilimsikia akimaliza rozari, kisha vitufe vya simu vikilia kimoja kimoja, kisha yule mwanamke wa kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha adabu, akimwambia kwamba nambari hiyo haipatikani. Mama Masika alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu, "Aksanti." Kila alfajiri. Mwanzoni nilicheka ndani ya blanketi langu. Nilifikiri hajui kwamba ile ni mashine.

Jioni moja, tukila, akaniuliza, "Hajara, hiyo karte yako inaweza kuonyesha mutu?"

"Haionyeshi watu, Mama. Inaonyesha nyumba."

"Na nyumba ya Baluku?"

Nikacheka, kwa sababu kidonda cha steji kilikuwa bado kibichi. Hakucheka. Akaosha mikono, akaifuta kwenye kitenge, akanieleza. Masika, mzaliwa wake wa kwanza, alikuwa upande wa Beni wakati watu wenye silaha walipoingia usiku katika kijiji alichokwenda kununua mchele. Watu walikimbia kila mmoja kwa njia yake. Baada ya miezi ya kimya simu ya mama ikalia kwa nambari ya Uganda: Mama, niko mzima, niliazima simu, niko Uganda kwa Baluku, huku juu mulimani, jioni naona taa za kiwanda. Ikakatika. Wiki hiyohiyo simu ya Mama Masika ikaibiwa sokoni pamoja na laini yake ya Kongo. Nambari iliyompigia alikuwa ameiandika ukutani kwa mkaa, na ndiyo aliyokuwa akiipiga kila alfajiri kwa simu mpya. Alikwenda hadi Hima, kwenye kiwanda cha saruji, akasimama kando ya barabara katika vumbi la malori akiuliza watu kwa Baluku ni wapi. "Banacheka," akasema. "Hapana kwa ubaya. Banacheka tu. Nikapanda mulima moja, nikashuka. Maguu ikafura. Sasa nakuuliza weye mwenye karte."

Nilimwangalia mwanamke huyu ambaye kila aliyemwita kwa heshima alimtajia mtoto aliyepotea. Mama Masika, nipimie nusu lita. Mama Masika, umeamkaje. Nikaingiwa na aibu kwa ajili ya karatasi yangu pale ukutani. Mama huyu alikuwa na anwani ya mtoto wake, amepewa na mtoto mwenyewe kwa mdomo wake, na ramani yangu ilikuwa na ile anwani mara zisizohesabika, na vyote viwili pamoja havikuwa na faida. Nikamwambia nitatafuta. Nilisema kwa sauti ndogo, na sina kawaida ya kusema kwa sauti ndogo.

Kesho yake nikarudi kwa Swaleh. "Ninyi mnampataje Baluku?"

"Tunajua tu."

"Mnajuaje?"

Akajikuna kidevu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Si kila mtu ana mkia wake? Huyu Baluku wa redio. Huyu Baluku meno. Huyu Baluku kavunja daraja." Ndivyo tulivyoanza kazi ya mikia, na neno hilo likabaki. Kwanza niliwauliza wenye nyumba wenyewe, nikavuna upuuzi: Baluku tajiri, Baluku wa heshima, Baluku anayependwa na wote. Kila mtu alijivika mkia ambao hakuna jirani angeutambua. Swaleh akasema hapana, mtu hajijui kisogo chake, waulize majirani. Basi nikaweka sheria: mkia huwekwa na jirani, na mwenye nyumba hauandiki wala haufuti. Tukalaza karatasi juu ya benchi la steji, waendesha boda na wauza mboga wakainama, kila mmoja akidakia. Kwa Baluku wa nyuki. Kwa Masika aliyezaa mapacha. Kwa Bwambale anayesalimia ng'ombe. Nilikuwa nikiandika huku nacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Bwera nilijiona mmoja wao.

Swaleh akaweka kidole juu ya nukta nyingine. "Hapa je? Kwa Hajara. Hii haihitaji mkia, Hajara ni mmoja tu Bwera nzima."

Mama mmoja muuza dodo, mchicha wa kwetu, alikuwa ameinamia mafungu yake ya mboga, kisogo kwetu. Akasema bila kugeuka, "Iko na mukia. Hajara hapana pata mugeni."

Kikatoka kicheko, kisha kikafa ghafla, watu wakikumbuka mimi ni nani. Yule mama akageuka, akashika mdomo. "Nisamehe, madamu. Tunasema tu."

"Usiandike hiyo," Swaleh akasema.

"Sheria ni sheria," nikajibu. "Jirani amesema." Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyoandika mikia mingine yote: Kwa Hajara asiyepata mgeni. Pale nilijikaza. Iliniuma baadaye, nikifungua kufuli. Maana jina langu halikuwa na haja ya mkia, hakukuwa na Hajara mwingine wa kunitofautisha naye, na bado walikuwa nao tayari, umeiva, wanautumia siku zote nikiwapa kisogo. Wala haukuwa uongo. Kasese si mbali, barabara ni nzuri, na kwa miezi yote ile hakuna mtu wangu hata mmoja aliyewahi kugonga mlango ule. Siku ya Idi nilijivika gauni jipya, nikafagia, nikapanga vikombe, nikakaa hadi adhuhuri. Wauza mboga wana macho.

Jioni ile sikwenda kula. Nililala nikiangalia bati. Mama Masika akabisha, akaingia bila kungoja, na sufuria yenye uzi mwekundu mkononi. Habari za steji zilikuwa zimemfikia, sokoni hakuna siri. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikalia. "Mugeni," akasema kwa dharau ileile ya mboga isiyo na mafuta. "Mugeni anakuya, anakula, anaenda. Ya nini? Kula." Nikala. Alinitazama hadi nikamaliza, kisha akaiosha sufuria mwenyewe.

Tulipomaliza Bwera nilikaa na kompyuta nikitafuta ni miteremko ipi ya milima inayoiona Hima bila kuzibwa na kilima kingine. Iliyo mingi ilikuwa upande wa Bwesumbu, na huko vijana wetu walikuwa wameandika Baluku kwa moyo wote. Nikachapisha karatasi ya Bwesumbu, nikapanda nyuma ya pikipiki ya Swaleh. Tulipita Kasese bila kusimama, tukapita Hima na vumbi lake jeupe, kisha tukaanza kupanda njia nyekundu yenye utelezi hadi pikipiki ikakohoa na mimi nikashuka kusukuma, nikimtukana Swaleh na kila aliyewahi kuandika kwamba ile ni barabara. Mama Masika tulimwacha Bwera. Alitaka kuja, maguu yakakataa.

Kule juu kuna ghala la kununulia kahawa. Tulifungua karatasi juu ya magunia, na kazi ikaenda kama ya steji: watu wakasogea, wakasita, kisha mmoja akataja mkia na wengine wakashindwa kunyamaza. Baluku katekista. Baluku wa mkono mmoja. Baluku aliyeuza shamba akalinunua tena. Nikagusa nukta moja iliyo peke yake, juu kabisa, karibu na mahali ramani inapoishia miti inapoanza.

"Huyo Baluku wa mgeni," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Mgeni gani, mzee?"

"Mwanamke wa Kongo. Alikuja kuchuma kahawa, msimu ukaisha, hakuondoka. Mtu mzuri, anafanya kazi. Lakini jioni anakaa nje anaangalia taa, hata umwite kula hasikii."

Swaleh akaniangalia. Nikakunja karatasi ovyo ovyo, na kwa kawaida sikunji karatasi ovyo.

Njia ya kwenda huko haipandwi na pikipiki. Tulitembea, nikijiambia wanawake wa Kongo ni wengi. Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, na mbele yake mwanamke alikuwa akigeuza kahawa juu ya mkeka kwa mikono miwili. Alipoinuka kushika kiuno nilijua kabla sijamuuliza jina. Alisimama vilevile kama yule mwanamke aliyesimama mlangoni kwangu siku ya mkate mkavu. Sikuwa nimeandaa la kusema. Nikasema, "Masika, mama yako ni jirani yangu." Alinitazama kama mtu asiyejua lugha. Nikapiga simu, nikampa. Mtandao huko juu ni wa kubahatisha, nilisikia mlio mmoja, wa pili, kisha Mama Masika akapokea.

"Mama," Masika akasema.

Nilidhani imekatika. Kisha kutoka kwenye kile kisimu changu, sauti nzito, polepole, ile ya kila alfajiri: "Aksanti." Na baada ya hapo ukelele hadi ndege wakaruka. Masika akaketi juu ya kahawa ya watu, akalia, akisema nilipiga Mama, nilipiga, nambari yako haipatikani, yule wa kuniazimia simu aliondoka kiwandani. Mwenye nyumba, Baluku mwenyewe, akatoka na jembe akifikiri kuna vita. Swaleh alikwenda kusimama nyuma ya mgomba, akakaa huko muda mrefu kwa mtu asiye na shida ya tumbo.

Nimeamua kuandika kweli, basi niandike na hii. Jioni tuliyomfikisha Masika Bwera, uani kulijaa watu. Wanawake wa parokia waliimba, muuza dodo alileta mboga bila kuombwa, Mama Masika alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, kichwa cha binti yake mapajani, anakipapasa kama anatafuta chawa. Kila mtu alinishika mkono. Wasingya, wasingya, asante. Nikaitwa kula, nikasema nina kazi. Nikaingia chumbani humu, nikafunga mlango, nikalia, na sikulia kwa furaha. Nilikuwa nimefanya jambo moja kubwa maishani mwangu, na jambo hilo lilikuwa limemrudisha mwenye kigoda nilichokuwa nikikikalia. Upande wa pili wa ukuta walizungumza hadi nikapitiwa na usingizi. Alfajiri hapakuwa na mlio wa vitufe. Niliamka kwa kimya hicho, nikakaa kitandani nikingoja "Aksanti" ambayo haikuja.

Sikufukuzwa, msinielewe vibaya. Sufuria yangu iliendelea kuinjikwa, na Masika aliniita dada kuanzia siku ya kwanza. Lakini watu wawili wanaopendana wakizungumza Kinande chao haraka haraka, wa tatu anatafuna kimyakimya. Nikajizamisha kazini. Ramani yenye mikia iliondoka mikononi mwangu ikaenda kwa miguu yake. Fundi wa simu aliyekuwa akiwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi akawa anawawekea na ramani, haihitaji bando, na ukitafuta Baluku inakuuliza kwa mikia. Wakunga walikata vipande vya karatasi wakavibandika kwenye mlango wa zahanati. Hata afande wa mpakani alikuja kuomba moja, akaamrisha kwanza, kisha akaomba. Nilisifiwa kwa barua, mwaka ukaisha, nikaitwa kazi nyingine. Siku ya kuondoka Mama Masika alinikataza nisichukue sufuria. "Iache hapa," akasema, "utaikuta." Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu, miaka ikaenda, nywele zangu za mbele zikaanza kuwa nyeupe. Mara ngapi nilipanga kuja. Ila kila nilipofikiria Bwera niliiona ile nukta na mkia wake, nikaona afadhali nisiwape nafasi ya kunithibitishia.

Tumemzika leo asubuhi. Nilisimama nyuma pamoja na Swaleh, ambaye sasa hana meno ya mbele na haendeshi tena, tukiwaacha Wakatoliki wamwimbie mtu wao. Watu waliporudi na kula na kutawanyika, Masika akaja akaketi kwenye ukingo wa kitanda hiki, kitanda kikalia kama zamani. Amenenepa, ana sauti ya mama yake. Alikuwa na simu mkononi.

"Dada, kuna kitu moja mu karte nataka kukuuliza. Miye sijui tuache ao tubadilishe."

Nikavaa miwani. Ilikuwa Bwera, mapaa madogo, mikia tele, mingine ya watu waliokwishakufa. Akagusa paa letu. Nilijiandaa kusoma maneno yangu mwenyewe. Hayakuwepo. Pameandikwa: Kwa Hajara, iko na mama hapa.

Nikasoma tena. Nikamuuliza nani ameandika.

"Mama. Ile juma uliondoka. Alisema ile mukia ingine ni uwongo, na weye ulituambia jirani ndiye anaandika, na yeye ni jirani. Alisema, miye nikaandika. Ulikuwa hujui?"

Miaka yote hiyo niliubeba mkia wa muuza dodo, nikaupeleka Mbarara, nikala nao chakula peke yangu, na kumbe haukuwepo. Ulidumu miezi michache tu. Huu mwingine ulikuwa umekaa hapa wazi kwa dunia nzima, mtu yeyote angeweza kuusoma, waendesha boda wakiusoma, wageni wa nchi za mbali wakitaka wangeusoma, isipokuwa mimi ambaye kazi yangu ni kufungua ramani. Na mama mwenyewe tumemwacha makaburini tangu asubuhi.

"Sasa Mama haiko," Masika akasema taratibu. "Batu batasoma, batafikiri iko. Tufute?"

Nikamwambia mwenye nyumba hafuti mkia wake. Akanitazama kidogo, akazima simu, akaenda kuinjika sufuria yangu.